Seti ya Vipande vya Bunduki ya Gumegume: Mtutu na Mtambo Vimestahili Fedha, Ubao Umenitoa Jasho

Wiki iliyopita nilitundika ukutani bunduki ya gumegume, yaani ile ya kizamani inayowasha baruti kwa cheche za jiwe na chuma, niliyoiunda kwa mikono yangu katika chumba cha chini cha nyumba yangu hapa Lancaster, jimbo la Pennsylvania. Imenichukua miezi saba, kila Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri na jioni nyingine nilizoweza kuziiba. Nimeona ni haki niandike tathmini ya seti ya vipande niliyoinunua wakati kumbukumbu bado ni mbichi, kwa sababu nilipokuwa natafuta maelezo kabla ya kutoa fedha yangu, sikupata hata ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza kitu hiki kwa mnunuzi. Jina la muuzaji nitalihifadhi, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema ni malalamiko. Aina ya seti yenyewe inauzwa na wauzaji wengi, na dosari zake zinafanana.

Nianze na sheria, maana jambo hili halina mzaha. Hapa Marekani sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 1968 inazitenga bunduki za kale, yaani zile zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, pamoja na zile zinazoshindiliwa baruti nyeusi na risasi kupitia mdomo wa mtutu na zisizoweza kutumia risasi za kisasa za ganda. Ndiyo maana sanduku langu lililetwa mlangoni na posta kama linavyoletwa sanduku la viatu. Hata hivyo kila jimbo lina masharti yake, na aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa akaulize kwanza kwa mwanasheria. Kwetu Tanzania habari ni nyingine kabisa: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kuunda silaha nyumbani bila kibali, na gobore ni silaha kama silaha nyingine. Nimekulia Handeni, nimewaona kwa macho yangu wazee wawili waliopoteza vidole kwa magobore yaliyoundwa kwa mabomba ya maji, na kwa heshima yao namwomba msomaji aliyeko nyumbani asome tathmini hii kama habari ya ufundi wa mbao na chuma, asiichukue kuwa mwaliko.

Kwa nini fundi seremala wa Handeni ajishughulishe na gumegume? Sababu ni mahali ninapoishi. Bunduki ndefu ya Kimarekani, ambayo baadaye watu waliizoea kwa jina la Kentucky, ilizaliwa katika kaunti hizi za Pennsylvania katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, mikononi mwa mafundi wahamiaji kutoka Ujerumani na Uswisi. Walikuja na bunduki fupi nene za kuwindia misituni, wakazirefusha, wakazipunguza unene na kipenyo cha tundu ili mwindaji atumie baruti na risasi kidogo. Jacob Dickert, mmoja wa mafundi wakubwa kabisa wa bunduki hizo, alifanya kazi katika mji huu huu wa Lancaster hadi alipofariki mwaka 1822. Leo mitaa yetu ina Wakongo wengi waliofika kama wakimbizi, na Kiswahili kinasikika sokoni na misikitini na makanisani. Jirani yangu, mzee kutoka Uvira, ndiye aliyekuwa akinishikia taa siku za kazi ngumu, na ndiye aliyenikumbusha neno mdeki nilipokuwa nimelisahau na kuuita ule ufito wa kushindilia fimbo tu.

Sasa tuje kwenye sanduku. Nililipa dola 1,180 pamoja na usafirishaji. Ndani yake mlikuwa na mtutu wa inchi 42, mtambo kamili wa gumegume, ubao wa mti wa maple uliokwisha kuchongwa kwa mashine kwa kiasi ambacho muuzaji anakiita asilimia 90, bamba la shaba ya njano la kitako, kikingio cha kifyatulio, kifyatulio chenyewe, vidude vya kulengea, mdeki wa mti wa hickory, skrubu katika mfuko wa nailoni, na kijitabu cha kurasa 16. Bunduki ikikamilika ina urefu wa karibu mita moja na nusu na uzito usiofika kilo nne. Vipande vyote nilivyoahidiwa vilikuwamo. Nilivihesabu mara mbili juu ya mkeka, na hapo muuzaji anastahili shukrani, kwani nimesikia watu waliosubiri skrubu moja kwa mwezi mzima.

Mtutu ndio uliokuwa bora kuliko vyote. Una pembe nane kwa nje, umenenepa upande wa nyuma, ukakonda katikati, kisha ukafutuka kidogo tena kwenye mdomo, kama mitutu ya zamani ilivyokuwa, na umbo hilo si la urembo tu, kwa kuwa linaleta uzito karibu na mwili na kuuacha mkono wa mbele ukiwa mwepesi. Tundu ni la nusu inchi, na mifereji ya ndani inajisokota mzunguko mmoja kwa kila inchi 56, kiasi kinachofaa risasi ya duara iliyofungwa ndani ya kitambaa chenye mafuta. Kizibo cha nyuma kilikwisha kufungwa kiwandani. Hilo nilililipia kwa makusudi, na namsihi yeyote anayenunua seti ya namna hii afanye vivyo hivyo, maana kazi ya kizibo ni kazi ya mtu mwenye mashine na vipimo, na ikikosewa usiyemdhania ndiye atakayeumia. Marekani hakuna sheria inayolazimisha mitutu ijaribiwe na serikali kama ilivyo Uingereza, ambako nyumba ya majaribio ya Birmingham imekuwapo tangu mwaka 1813, kwa hiyo sifa ya mtengenezaji wa mtutu ndiyo dhamana pekee ya mnunuzi. Mtutu wangu ulikuja na jina la aliyeutengeneza limegongwa chini, na nilipoumulika kwa taa ndogo mifereji iling'aa kuanzia mwanzo hadi mwisho bila mkwaruzo.

Mtambo ndio roho ya gumegume, na hapa ninahitaji kueleza kwa kirefu. Nyundo imeshika kijiwe kwa meno yake mawili yaliyotandikwa kipande cha ngozi. Ukivuta kifyatulio, nyundo inaruka mbele, kijiwe kinalikwangua bamba la chuma lililosimama mbele yake, bamba linafunguka, na cheche zinaangukia kwenye kijisahani cha baruti laini ya kuwashia, kisha moto unapenya tundu dogo ubavuni mwa mtutu. Yote hayo hutokea kabla hujapepesa jicho, iwapo mtambo ni mzuri. Cheche hazitoki kwenye jiwe kama wengi wanavyodhani. Ni vipande vidogo vya chuma vilivyokwanguliwa na jiwe vikawaka hewani. Kwa hiyo bamba hilo lisipokuwa limepashwa moto na kupozwa ipasavyo, likabaki laini, hata ukiweka jiwe bora la Uingereza au la Ufaransa utapata giza tu.

Nilizima taa zote za chumba cha chini usiku wa kwanza, nikashika mtambo peke yake mkononi, bila baruti wala mtutu karibu, nikaufyatua. Zilitoka cheche tatu, nyekundu, hafifu, zikafa kabla ya kufika kwenye kijisahani. Nikageuza jiwe upande wa pili, nikapata nne. Jirani yangu akasema, "Mwalimu, hiyo ni kiberiti chenye unyevu." Nilimwandikia muuzaji, nikamtumia video, naye hakubishana. Mtambo wa pili ulifika baada ya wiki tatu bila gharama kwangu. Nilipoujaribu gizani cheche zilimwagika nyeupe, nyingi, zikaendelea kuchechea ndani ya kijisahani kwa kitambo, hata nikaziona zikirukaruka kama chumvi kwenye kikaango. Springi zake zilikuwa na nguvu sawia, nyundo ilipanda kwa mlio wa vituo viwili, nusu na kamili, na kituo cha nusu kilishika imara hata nilipokisukuma kwa dole gumba. Ninampa muuzaji alama nzuri kwa namna alivyorekebisha kosa, lakini kosa lenyewe lilitakiwa kukamatwa kabla mtambo haujaingia kwenye sanduku. Jaribio la cheche huchukua nusu dakika.

Ubao ndio ulionitoa jasho. Kwanza sifa zake: mti ni maple wenye mawimbi, yaani nyuzi zake zimejikunja na kufanya michirizi ya kupishana kama maji ya bahari yanavyojikunja juu ya mchanga wakati wa kupwa, na muuzaji hakunidanganya kuhusu daraja nililolilipia. La muhimu zaidi kuliko uzuri, nyuzi kwenye shingo ya bunduki, pale mkono unaposhika nyuma ya kifyatulio, zilikwenda sambamba na mwelekeo wa shingo. Nyuzi zikikatiza hapo, bunduki huvunjika siku ya kwanza inapoanguka, na fundi seremala yeyote aliyewahi kuchonga mpini wa shoka anajua ninachosema.

Baada ya hapo sifa zinaisha. Mashine ilichonga chumba cha mtambo mbele kuliko inavyotakiwa kwa upana wa kama milimita tatu. Kwa meza au kabati, milimita tatu ni msasa na gundi. Kwenye gumegume, mtambo ukisogea, kijisahani nacho kinasogea, na tundu la moto haliangukii tena mahali pake mbele ya kizibo. Ilinibidi nizibe sehemu ya chumba kwa kipande cha maple nilichokikata kutoka kwenye mabaki ya ubao huo huo, nyuzi zikifuata nyuzi, nikasubiri gundi ikauke siku mbili, kisha nikachonga upya. Kiraka hicho kinaonekana hadi leo kwa anayejua pa kutazama.

Kasoro ya pili ilikuwa mbaya kuliko hiyo, nayo ni ya kufichika. Mdeki hukaa katika tundu refu linalopita chini ya mtutu ndani ya ubao, na tundu hilo hutobolewa kwa kekee ndefu inayopenda kupotea njia kila inapokutana na nyuzi ngumu. Ubao uliobaki kati ya tundu la mdeki na mfereji wa mtutu unatakiwa kuwa mwembamba, lakini usawa wake ubaki mmoja. Wangu ulikuwa kama milimita tatu mwanzoni na kuishia karibu na unene wa kadi ya posta nilipopima kwa waya uliokunjwa. Tena tundu lilipinda kuelekea juu, hivyo skrubu kubwa inayofunga mtambo ingelipita katikati yake na kuuzuia mdeki usiingie. Nilipomwandikia muuzaji safari hii alinijibu kwamba hali hiyo ni ya kawaida kwa bunduki za aina hii. Sikubaliani naye. Ni kweli kwamba hutokea mara nyingi, lakini jambo linalotokea mara nyingi halijawa zuri kwa sababu hiyo, na aliyelipa dola zaidi ya elfu moja alistahili kuambiwa kabla ya kununua. Niliutatua kwa kupunguza skrubu kwa tupa pale inapopishana na mdeki, na kwa kukata ncha ya mdeki kwa mshazari. Inafanya kazi. Kila ninapouchomoa mdeki, mkono wangu unausikia ule mgusano.

Maneno ya asilimia 90 yamewapotosha wengi, kwa hiyo nieleze maana yake halisi. Mashine huondoa mbao nyingi za kazi rahisi. Asilimia 10 inayobaki ndiyo kazi yenyewe: kukalisha mtutu, mtambo, bamba la kitako na kikingio cha kifyatulio ndani ya mbao hata kucha isiweze kuingia kati ya chuma na mti. Njia ni ile ile ya mababu wa Lancaster, na nilifurahi kukuta kwamba ninaijua kutoka kwenye karakana ya marehemu mjomba wangu aliyekuwa akifunga bawaba za milango ya mninga. Unachukua masizi ya taa ya mafuta, unayachanganya na mafuta kidogo, unapaka chuma, unakikandamiza mahali pake na kukigonga kidogo kwa mpini, kisha unakitoa. Pale penye doa jeusi kwenye mti ndipo panapobana. Unakwangua doa hilo kwa patasi iliyonolewa hadi inanyoa nywele za mkono, unapaka tena, unakandamiza tena. Kwa bamba la kitako peke yake nilirudia hivyo mara zaidi ya sitini. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa mwezi mzima, na mke wangu alinitengea taulo langu la peke yangu.

Muuzaji anaandika kwamba seti inaweza kukamilika kwa saa 60. Niliweka daftari. Nilitumia saa 214, na mimi nimeshika patasi tangu nikiwa na miaka 13. Kijitabu kilichoambatana na seti hakina msaada mkubwa: picha zake ni nakala ya nakala, na sura ya kukalisha mtambo, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, imepewa aya mbili. Kwa asiye na mtu wa kumwuliza, kijitabu hicho kitamwacha njiani.

Hadi hapo, msomaji asidhani kwamba nimeunda bunduki kuanzia chini kabisa. Katika karakana ya makumbusho ya Colonial Williamsburg, jimbo la Virginia, Wallace Gusler alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba mtu wa zama zetu anaweza kuunda bunduki nzima kwa zana za karne ya 18, kuanzia bamba la chuma linalokunjwa na kuunganishwa kwa moto likawa mtutu. Niliwahi kwenda huko na kusimama mbele ya tanuri lao kwa saa nzima. Seti haikufikishi kwenye kiwango kile wala haidai hivyo, na sioni aibu kusema kwamba mtutu wangu ulitoka kwa fundi mwingine.

Kumalizia ubao kulinipa furaha iliyofuta machungu mengi. Mafundi wa kale walipaka mti maji ya tindikali yaliyoyeyushiwa chuma, na dawa hiyo huuzwa tayari siku hizi. Ukishaupaka, mti unakuwa wa kijani kibichi kilichochujuka, rangi ya kukatisha tamaa. Kisha unapitisha hewa ya moto polepole, na mbele ya macho yako kijani kinageuka kuwa kahawia yenye wekundu, na yale mawimbi yaliyokuwa yamejificha yanajitokeza moja baada ya jingine kuanzia kitakoni hadi mdomoni. Baada ya kuisafisha tindikali nilipaka mafuta ya kitani kwa kiganja, tabaka nyembamba saba. Chuma sikukipaka rangi. Nilikiacha kishike kutu ya makusudi, nikaisugua, nikairudia, hadi kikawa na rangi ya tende iliyoiva.

Kabla ya kuifyatua nilimpelekea mzee wa klabu ya shabaha mwenye uzoefu wa miaka mingi, akaikagua kila sehemu, akapima tundu, akaangalia kizibo, na mlipuko wa kwanza tuliufanya bunduki ikiwa imefungwa kwenye magogo, kamba ikivutwa kutoka mbali nyuma ya ukuta. Kiasi cha baruti nyeusi tulikichukua kwenye maelekezo ya mtengenezaji wa mtutu na si kwa kukisia. Haikutikisika. Baada ya hapo niliiweka begani, na kwa umbali wa yadi 50 risasi tano ziliingia ndani ya duara la kisahani cha chai, jambo ambalo sikulitarajia kwa vidude vya kulengea visivyo na kioo. Moto unawahi: mlio wa kijisahani na mlio wa mtutu husikika kama mmoja.

Pennsylvania ina msimu wa kuwinda paa kwa gumegume pekee, ulioanzishwa mwaka 1974, unaofunguliwa siku inayofuata Krismasi, na humo hairuhusiwi hata bunduki ya fataki, yaani ile inayowashwa kwa kifuniko kidogo cha kulipuka badala ya jiwe. Nimekata leseni, na nimenunua fulana ya rangi ya chungwa.

Kwa anayefikiria kununua, ushauri wangu unategemea mikono yake. Mwenye uzoefu wa patasi na jiliwa imara, mwenye subira, na mwenye fundi mzoefu wa kumwuliza karibu, anunue, lakini siku sanduku linapofika apime tundu la mdeki kwa waya na ajaribu cheche gizani kabla hajagusa ubao kwa zana yoyote, maana ubao ukishakwanguliwa haurudishwi. Asiye na hayo atafute kwanza seti iliyochongwa kwa mashine za kompyuta, ambazo chumba cha mtambo huja kimekaa sawa. Ni ghali zaidi, na mkono wa fundi hauonekani sana ndani yake, ila hazimwachi mtu njiani. Mimi nimekwisha kumwandikia muuzaji yule yule kuagiza mtutu na mtambo tu. Ubao nimeuchagua mwenyewe kwenye kiwanda cha mbao kilicho nusu saa kutoka hapa: kipande cha maple chenye urefu wa inchi 62, kimekauka vizuri, na tundu la mdeki nitalitoboa kwa mkono wangu.